Mtungi Mmoja, Milango Miwili

Mume wangu hakuwa amewahi kusifu ugali wangu. Miaka yote tuliyokaa naye hapa Uthiru alikula nilichompa, akanawa mikono, akasema asante, akaenda kutazama taarifa ya habari. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa, mtu wa maneno machache, fundi wa bomba anayerudi nyumbani akiwa amechoka kupiga magoti chini ya sinki za wenye nazo. Kisha bei ya gesi ikapanda, tukaanza kula kutoka kwa sufuria ya jirani, na nikagundua kwamba mdomo anao.

Ilikuwa miezi ambayo kila kinachowaka kilipanda bei. Gesi ilipanda, watu wakakimbilia makaa. Makaa nayo yakapanda kwa sababu watu wameyakimbilia, na mafuta taa yakafuata bila aibu. Ukinunua tokeni za stima kwa pesa zile zile ulizozoea, uniti zinazokuja unazitazama kwenye simu ukidhani bado nyingine zinakuja. Kila asubuhi pale kwenye bomba la ploti yetu ya nyumba za kupanga kulikuwa na baraza la kulaani, kila mtu na ndoo yake na laana yake. Mimi nililaani kwa sauti kuliko wengi, maana nimezaliwa Waithaka, kwenye shamba la baba lililokuwa na mikaratusi, na sikuwahi kujua utotoni kwamba moto unanunuliwa. Sasa lile shamba limegeuzwa nyumba za kupanga na hakuna hata kijiti.

Wazo la kupika pamoja lilikuwa lake, jirani. Mlango wake unatazamana na wangu, ua katikati. Yeye hupika kwenye shule moja kule Parklands, hutoka kazini mapema, na anaishi na bintiye peke yao. Babake mtoto hatukuwahi kumwona wala kusikia akitajwa. Kwao ni Magharibi, upande ule ule wa kwao mume wangu, na walipojuana walisalimiana kwa lugha yao mpaka chai yangu ikapoa.

Siku moja tukianua nguo akaniambia, "Jirani, mimi nawasha gesi napikia watu wawili. Wewe unawasha unapikia wanne. Na moto ni ule ule. Si tupike mara moja?"

Hesabu yake ilikuwa sawa, na mimi sina ugomvi na hesabu. Tukaungana kununua mtungi mmoja. Leo napika mimi kwa wote sita, kesho anapika yeye, na anayepika ndiye anayekaa na mtungi. Asubuhi mtungi ulivuka ua, tumeushika sisi wawili, huku na huku, tukicheka. Wanaume wa ploti walitutazama. Mmoja akamtania mume wangu, "Bro, umeoa wawili na mtungi moja!" Watu wakacheka pale kwenye bomba, na mimi nikacheka nao. Mara ya kwanza nilicheka.

Siku ya kwanza ya zamu yake tulikula ugali na mrenda, ile mboga ya kuteleza, na omena, wale dagaa wa ziwani. Mume wangu alimega tonge, akalizungusha mkononi, akala, akamega jingine. Kisha akasema, "Eeh." Nilikuwa sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwake, na tuna watoto wawili.

"Hii ni ugali," akasema.

"Na yangu ni nini?"

"Yako pia ni ugali," akajibu, haraka mno.

Sitetei ugali wangu. Kwetu Waithaka ugali ulikuwa chakula cha siku ambazo githeri, mahindi na maharagwe yetu, imeisha, na hatukuupigia kelele. Watu wa mume wangu husema ugali wa kwetu ni uji uliolala. Wa jirani ulisimama. Ulikuwa mgumu bila kuwa mkavu, unamegeka bila kunata, na ukiukandamiza kwa kidole gumba unakaa vile ulivyouacha ukingoja mboga. Nilinunua unga ule ule anaonunua. Nilitafuta mwiko kama wake sokoni Kangemi. Nikasonga mpaka jasho likanitoka kwenye nyusi, na uliotoka ulikuwa ule ule wangu wa siku zote.

Niliona wivu, na nilianza kuuona kila mahali. Mwanangu wa kiume akirudi kutoka shuleni alikuwa akiuliza, "Mum, leo ni siku ya nani?" Akiambiwa ni yangu, anasema "sawa" kama mzee aliyepewa habari ya ng'ombe kufa. Binti yangu alianza kufanyia kazi za shule kule kwake, karibu na sufuria. Hata gesi ilikuwa inampenda. Siku zake mtungi haukupungua uzito. Alizima moto kabla chakula hakijaiva kabisa, akafunika sufuria kwa sinia na kitambaa, kikamaliza kuiva chenyewe. Mimi nisipoona ndimi za moto siamini kwamba kitu kinaiva. Asubuhi tukiubeba nilikuwa naupima kwa mkono, na kila ukitoka kwangu niliona ni mwepesi, na niliona kwamba naye ameona.

Niliogopa, niseme wazi. Kwamba angemwiba mume wangu akalale naye, hilo halikunipitia akilini. Mwanamke yule hakuwa na tabia hiyo na mume wangu hana bidii hiyo. Niliogopa kwamba anamchukua pale mezani, taa zikiwaka, watoto wakitazama, na mimi nimelipia nusu ya moto.

Ndipo tukapata habari kwamba mama mkwe anakuja. Macho yalikuwa yanamsumbua, akapewa siku ya kuonwa hospitalini Parklands, na angekaa kwetu wiki nzima. Alikuwa hajawahi kufika kwangu. Mimi nilikuwa nimefika kwake mara moja tu, baada ya arusi, nikasonga ugali jikoni kwake mbele ya mashemeji wote, naye akauonja, akausogeza kando kwa upole, akasema ameshiba. Upole ule niliubeba mpaka Nairobi na sikuutua. Safari hii niliapa atakula chakula changu mpaka mwisho. Angefika Jumamosi, siku ambayo siendi kazini. Nilibadilishana zamu na jirani ili Jumamosi iwe yangu. Nilijua atakuja na jogoo, maana hawaji bila jogoo, na huyo jogoo nilikuwa nimeshampika kichwani, kipande kwa kipande.

Mimi huuza mapazia katikati ya jiji, kwenye jengo lile la maduka madogo madogo yaliyogawanywa kwa mbao. Siku hizo mwenye duka alikuwa ametuzimia taa za dirishani na pasi ya kunyooshea vitambaa, akisema stima inamla faida. Wateja walishika mapazia gizani, wakauliza rangi, kisha wakasahau rangi na kuanza kulilia bei ya gesi. Mama mmoja aliyevaa vizuri sana alituambia amerudi kuchemsha maji ya kuoga kwa kuni nyuma ya nyumba yake ya ghorofa, na majirani zake wakubwa wakubwa wanajifanya hawaoni moshi. Tulimcheka, naye akajicheka.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi yangu, watu waliingia barabarani. Ilijulikana kwamba wangekuja. Simu zote zilikuwa zinasema. Walikuja na sufuria vichwani, nyingine zimetoboka kabisa, wakizigonga kwa vijiko na funguo na mawe, na mjini kukawa na mlio ambao ulikuwa unaingia mpaka kwenye meno. Nilisimama mlangoni nikapiga makofi. Msichana mmoja aliniona, akanipa kifuniko chake na kijiko, nikagonga nami mpaka kiganja kikauma. Sijui nilikuwa namgongea nani, serikali au jirani, lakini nilijisikia vizuri sana. Kisha ikafyatuliwa ile gesi ya kutoa machozi, ndiyo pekee iliyotolewa bure mwaka huo, na tukateremsha milango ya chuma tukakaa ndani tukikohoa na kujipangusa macho kwa sampuli za mapazia.

Tulipofunguliwa, magari yalikuwa yametoweka mjini. Nikavua viatu vya kazini, nikavaa malapa ya dukani, nikashika njia na umati. Siku ile ilikuwa zamu yangu ya kupika. Nikampigia jirani simu nikiwa karibu na Westlands.

"Jirani, leo nipikie. Niko kwa barabara na miguu."

"Hakuna shida. Wewe tembea tu pole pole. Usikimbie, watu wanaanguka."

"Mtungi chukua kwangu, watoto wana ufunguo. Sukuma nimekata iko kwa beseni."

"Nimeiona. Usijali."

Simu ikazima baada ya hapo, chaji imeisha. Kwa hiyo sikujua kwamba shemeji mmoja alikuwa amepata nafasi kwenye pikapu inayokuja Nairobi, akampakia mama siku ile ile badala ya Ijumaa usiku, na dereva akamfikisha mpaka mlangoni. Sikujua kwamba nilipokuwa napita Kangemi nikitafuta maji ya kunywa, mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha jirani, jogoo chini ya mkono.

Nilifika ua wetu jua likiwa linazama, vumbi mpaka magotini. Mlango wangu ulikuwa umefungwa. Wa jirani ulikuwa wazi na harufu ya kuku ilikuwa inatoka humo. Wote walikuwa ndani. Watoto wangu na bintiye walikuwa kwenye mkeka, sahani mapajani. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti kizuri, kitambaa cheupe kichwani, miguu imenyooshwa na imeshapakwa mafuta. Mume wangu alikuwa kwenye stuli. Na jirani alikuwa ameinama mbele yake, kijiko mkononi, anamwekea kitu kwenye sahani.

Ilikuwa firigisi.

Ni lazima nieleze. Kwa watu wa mume wangu, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, na anayempa ni mkewe. Hata kuku akipikwa na watu kumi, kile kipande kidogo kinapita mkono wa mke. Mimi mtu wa Waithaka nilifundishwa hilo kabla ya arusi, na nilicheka wakati ule, nikasema kwetu firigisi hupewa paka. Sikucheka pale mlangoni. Nilimwona mume wangu akiitia mdomoni.

Mama mkwe akageuka akaniona. Uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sikuwahi kupewa na mtu wa ukoo ule.

"Mwanangu, umefika! Pole na safari. Ingia, kaa. Mke mwenzako ameshapika."

Nilidhani uchovu umenipotosha masikio. Lakini akaendelea, akamshika jirani mkono akamvuta karibu. "Amenipokea vizuri, huyu binti. Amenipa maji, amenikanda miguu. Na nyinyi hamkuniambia! Mnaogopa nini? Si vizuri? Nyumba imekuwa kubwa."

Ndipo nilipoelewa jinsi alivyoona. Mama wa watu amefika, amekuta mlango wangu umefungwa na watoto wangu wanaingia na kutoka kwa mlango wa pili kama kwao. Mwanawe amerudi kutoka kazini, amepitiliza moja kwa moja pale kwenye sufuria, amekaa, amepakuliwa. Moto mmoja, chakula kimoja, mwanamke wa huko kwao anayejua kusonga ugali. Angeona nini kingine? Na alipomwambia jirani ampe mwenye nyumba kipande chake, jirani akampa.

Nilimtazama mume wangu. Mashavu yalikuwa yanaenda. Nilimtazama jirani. Alikuwa anatazama sakafu.

"Mama," nikasema, "huyu ni jirani. Tunachangia gesi."

"Mnachangia nini?"

"Gesi. Ya kupikia. Imepanda bei, kwa hivyo tulinunua mtungi moja."

Alitutazama mmoja mmoja kwa yale macho yake yenye ukungu, akingoja mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Akauachia mkono wa jirani taratibu, akautazama kama kitu alichookota kwa bahati mbaya.

"Kwetu mtu akikosa moto," akasema, "anakuja na kigae, anapewa kaa moja, anarudi nalo kwake. Hapikiwi bwana."

Nilikula kuku aliyebaki. Alikuwa mtamu, na kila mfupa niliung'ata kwa hasira.

Mume wangu nilimkabili tulipoingia kwetu, mama akiwa ameenda kuoga. "Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa na chakula kwa mdomo."

"Na ulipomeza?"

Akakaa kitandani akavua soksi. Alivua moja, akaikunja vizuri, akavua nyingine.

Jirani nilimkuta alfajiri kwenye kamba ya nguo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi yenye meno, lakini yaliyotoka yalikuwa machache. "Wewe ni wa huko. Unajua firigisi ni nini. Mbona hukumwambia?"

Hakujifanya hajaelewa. Alishika nguo ya mtoto aliyokuwa anakamua, akaikamua tena ingawa haikuwa na maji.

"Aliingia akaniita binti yangu," akasema. "Hakuna mtu amewahi kuja kwangu akaniita hivyo. Hakuna mama mkwe amewahi kuuliza njia ya kwangu. Nikasema wacha tu anywe maji kwanza, nitamwambia. Halafu nikasema wacha ale. Nilikuwa nataka tu imalizike ile jioni."

"Ilikuwa jioni yangu."

"Najua. Pole, jirani."

Mtu mwema angelainika pale. Mimi nilihisi ameniibia mara mbili, maana sasa hata hasira yangu alikuwa ameigusa akaiharibu. Nilimwambia ushirika wa mtungi tuuvunje. Gesi iliyobaki abaki nayo. Niliingia ndani nikatoa jiko la makaa chini ya kitanda, limejaa utando wa buibui, na siku hiyo nikaanza kupika peke yangu kwa makaa ya bei ambayo nilikuwa nimeilaani kwenye bomba.

Wiki ile nilipika kama mtu anayefanya mtihani. Niliamka mapema, nikapuliza jiko uani mpaka macho yakawa mekundu kuliko ya siku ya maandamano. Nilipika mukimo wa viazi na mahindi, nikapika njugu, nikapika kuku mwingine niliyemnunua mwenyewe, na firigisi nikampa mume wangu mbele ya mama yake, polepole, ili kila mtu aone mkono ni wa nani. Nikasonga ugali kila jioni. Mama alikula. Hakusogeza sahani kando hata mara moja, lakini pia hakusema "eeh". Alisema, "Asante, mwanangu, umefanya kazi." Ni maneno ambayo mtu humwambia fundi.

Ng'ambo ya ua jirani alifunga mlango akipika. Mtoto wangu wa kiume alikula akitazama mlango ule. Nikamwambia atazame sahani yake.

Siku ya hospitali nilimpeleka mama mwenyewe. Tulikaa kwenye benchi refu pale Parklands, amewekewa dawa ya macho, haoni vizuri, na labda kwa sababu hakuwa anaona uso wangu aliongea.

"Ulinikasirikia," akasema.

"Hapana, mama."

"Ulikasirika. Mimi nilifurahi kwa ajili yako, si yake. Niliolewa nikakuta mke mwenzangu. Wasichana wenzangu walinililia. Lakini nilipojifungua, nani alinipikia? Nilipougua, nani aliosha watoto? Tuligombana kila siku ya Mungu, na alipokufa sikuwa na mtu wa kugombana naye. Niliingia pale nikaona moto umewashwa na wewe hujafika, nikasema, huyu mtoto wa watu hayuko peke yake Nairobi. Ndiyo nikafurahi."

Nilipaswa kuguswa, na niliguswa, lakini chini ya kuguswa huko kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinauliza kama ugali wangu ulikuwa angalau afadhali kuliko wa ile mara ya kwanza. Sikumwuliza. Wakaita zamu yetu, nikamshika mkono tukaingia.

Alirudi kwao na miwani mipya. Kabla ya kuondoka alivuka ua peke yake, akagonga mlango wa jirani, akaingia, akakaa kidogo. Nilisimama dirishani nyuma ya pazia nililonunua kwa bei ya jumla dukani, na sikusikia chochote. Alipotoka, alinikumbatia mimi mwisho, kwa muda mrefu, na nikajiambia kwamba nimeshinda.

Gesi ikapanda tena baada ya hapo. Makaa nayo. Watu pale kwenye bomba walikuwa wamechoka hata kulaani, walisema "mmeskia?" na mwingine akasema "tumeskia", basi. Jirani alianza kupika kwa unga wa mbao kwenye mkebe, anaushindilia vizuri unawaka taratibu, na hata huo ugali wa mkebe ulikuwa unanukia mpaka kwangu. Tulisalimiana. "Sasa jirani." "Poa, jirani." Hatukuzidisha.

Mwishoni mwa mavuno nilipigiwa simu kutoka ofisi ya mizigo ya basi, mjini, karibu na kazini, kwamba kuna kitu kimetoka Magharibi. Nilienda saa ya chakula cha mchana. Nilikuta mifuko miwili ya unga wa wimbi, imeshonwa mdomo kwa uzi wa gunia, ukubwa sawa, uzito sawa. Nilijua ukubwa ni sawa kwa sababu niliisimamisha pamoja pale kaunta, mhudumu akinitazama. Nikampigia mama.

"Mama, mizigo imefika. Nimeona ni mifuko miwili."

"Ndiyo. Imefika mizima?"

"Mizima. Huu wa pili ni wa nani?"

"Mmoja ni wa mke wa mwanangu," akasema. "Mwingine mpe yule aliyenipikia."

Nilisimama pale na watu wakinipita na maboksi ya vifaranga na magunia ya ndizi. Wiki nzima, mama. Nilitaka kumwambia hivyo. Wiki nzima nilipuliza makaa. Lakini hakusema kwa ubaya; alisema kama mtu anayetaja vitu kwa majina yake, mke ni mke, aliyepika ni aliyepika. Na mimi, niliyekuwa nimepigania kile cheo mpaka nikavunja moto wa nyumba mbili, nilisimama na mfuko wangu halali mkononi nikautamani wa pili.

"Asante, mama," nikasema. "Nitampa."

Jioni nilivuka ua. Jirani alikuwa amechuchumaa mbele ya mkebe wake. Nikautua mfuko karibu naye. Aliung'ata uzi kwa meno, akafungua, akachota kidogo kwenye kiganja, akanusa, na nikajua kwamba amenusa kwao.

"Umetoka kwa mama?"

"Eeh."

"Alisema ni wa nani?"

Ningeweza kusema ni wa jirani. Lingetosha, na lisingekuwa uongo.

"Alisema ni wa yule aliyempikia."

Alitabasamu akiutazama ule unga, na tabasamu lile ningelinunua kwa mfuko wangu wote. Kisha akajipangusa kiganja kwenye leso, akatazama mlango wangu, kule ambako jiko langu halikuwa limewashwa bado.

"Leo nani anapika?" akauliza.

Niliutaka ule mwiko, nisonge mimi. Niliutaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote katika ua ule.

"Pika wewe," nikasema. Nikaenda nikauleta mfuko wangu, nikauweka juu ya wake, nikakaa kwenye kigoda nikaanza kumtazama mikono.